Nimelipa hela nizungushwe kwenye kiti: huduma ya ushauri wa hofu hapa Mbeya, nyota nne

Nyota nne kati ya tano, nasema mapema ili asiye na muda wa kusoma marefu aondoke na jibu lake. Ile moja niliyokata haihusiani na tiba, ni mambo ya jengo na risiti, ntayasema huko chini. Na kabla hamjaniuliza, jina la ofisi silitaji kwa sababu mwenyewe kaniomba, yuko peke yake na binti mmoja wa mapokezi, anasema watu wakimjaa kwa mpigo atashindwa hata hawa alionao. Ni mama wa makamo, mshauri wa saikolojia, ofisi iko ghorofani hapa hapa mjini, na kazi yake kubwa ni watu wa hofu: anayeogopa gari, anayeogopa sindano, anayeogopa kusimama mbele za watu, anayeamka saa nane usiku moyo unakimbia na hajui anakimbizwa na nini. Sio mganga, sio mchungaji, na dawa haandiki.

Mi nauza vitenge na mashuka soko la Mwanjelwa, mzigo natoa Kariakoo, Dar, kwa hiyo barabara ya Dar naijua kona kwa kona. Sasa kuna safari tunashuka mlima Kitonga, lori limekufa kwenye kona, foleni imesimama, basi limejaa mpaka kwenye korido, mara nikasikia moyo unapiga kwa fujo, mikono ganzi, jasho la baridi, pumzi inaishia kooni haishuki, na wazo moja tu kichwani, hapa ndo nakufa na watoto wangu wako Mbeya. Jirani yangu akanipepea na khanga, konda akaniletea maji, foleni ikafunguka na hali ikaisha yenyewe kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni. Nikapimwa moyo, nikapimwa damu, kila kitu kizima. Afu ikanirudia tena kwenye basi, afu tena, mpaka nikaacha basi nikawa napanda treni ya TAZARA, na kwa vile treni ya abiria haiondoki kila siku biashara ikaanza kunitegemea ratiba ya reli badala ya ratiba ya wateja. Waliosema nimerogwa walikuwepo, waliosema ni presha walikuwepo, na mtu wa duka la dawa mtaani aliniuzia diazepamu, vile vidonge vya kutuliza, bila hata kuniuliza nina nini. Hayo nayapita haraka maana kila mtu mwenye shida hii anayajua.

Kilichonifanya nimwamini huyu mama ni siku ya kwanza, na nataka niieleze vizuri kwa sababu ndo ilinionyesha tofauti ya mtaalamu na mtu wa kukupa pole. Nilienda nikiwa na jibu tayari mkononi: naogopa milima, naogopa Kitonga, nitibu Kitonga. Akanipa fomu ya maswali saba ya hali yako ya wiki mbili zilizopita, kila swali unajipa sifuri mpaka tatu, kwa hiyo juu kabisa ni 21, inaitwa GAD-7, anasema ilitengenezwa 2006 na inatumika dunia nzima, ukifika 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Nikajaza. Akaiangalia akaiweka pembeni, akasema hii inanipa picha tu haitoi hukumu, sasa niambie safari zako za treni.

Nikashangaa, treni ya nini tena, treni ndo imeniokoa. Akaniuliza, kile kipande cha kati ya Makambako na Mlimba unakipitaga? Nakipita. Kuna nini pale? Nikamwambia kuna mahandaki, kuna madaraja marefu, ukichungulia dirishani chini huko unaona msitu na korongo tu. Akauliza, na hapo moyo unakuwaje? Nikamwambia huwa nakula chipsi. Akacheka, akaniambia basi mwanangu wewe huogopi milima, mtu wa kuogopa vilima na vimo asingekula chipsi juu ya daraja lile. Treni unaweza kusimama, unaweza kutembea mpaka behewa la chakula, unaweza kujifungia chooni ukilia hakuna anayekuona. Kwenye basi huwezi. Unachoogopa ni ile hali yenyewe ikikushika mahali ambapo huna pa kutokea.

Halafu akaanza kuuliza vitu ambavyo sikuwahi kumwambia mtu. Kanisani unakaa wapi? Nyuma, karibu na mlango. Benki foleni ikiwa ndefu? Natoka, narudi kesho. Sokoni siku ya mnada? Namtuma dada wa kazi. Saluni, ukiwekwa chini ya draya? Nimeacha, nasuka nyumbani. Yani nilikuwa najua kila kimoja peke yake lakini sikuwahi kuviweka pamoja, nilikuwa nahesabu shida yangu ni barabara moja kumbe maisha yote yalishapunguzwa upana kidogo kidogo.

Akanieleza kwamba haya mambo yana aina zake na matibabu yake hayafanani, ndo maana anauliza sana. Kuna fobia ya kitu kimoja, nyoka, mbwa, sindano, kimo, hapo mtu ukimtoa kwenye hicho kitu yuko sawa kabisa. Kuna woga wa watu, sio aibu ya kawaida, ni mtu anaacha kazi au shule kwa sababu ya kuogopa kutazamwa na kuhukumiwa. Kuna wasiwasi wa jumla, huyo anahangaikia kila kitu, ada, mvua, afya ya mama, meseji haijajibiwa, siku nyingi kuliko siku za amani, kwa miezi sita na zaidi, misuli imekaza na usingizi haupo. Kuna paniki, yale mashambulizi yanayokuja ghafla na mtu anabaki mwezi mzima au zaidi anaogopa la kesho. Na kuna ile ya kuogopa mahali pa kubanwa, vyombo vya usafiri, foleni, umati, sehemu za wazi, kutoka nyumbani peke yako, jina lake la kitaalamu agorafobia na wameijua toka 1871 huko Ujerumani, ambayo mara nyingi inazaliwa na paniki. Mimi niko hapo kwenye mbili za mwisho. Na akasisitiza kuogopa tu sio ugonjwa, inakuwa ugonjwa pale ambapo hofu imezidi hatari yenyewe, imekaa muda mrefu, kwa fobia wanahesabu miezi sita kwenda juu, na imeshaanza kukunyang'anya kazi, watu na sehemu zako.

Mi nikambishia hapo, nikamwambia mama, hizi barabara zetu ajali si za kufikirika, breki zinafeli kweli, tumezika watu. Nilitegemea atanipa yale maneno ya usiogope Mungu yupo. Hakunipa. Akasema ajali zipo, na kumwambia dereva apunguze mwendo ni haki yako, kushuka kwenye basi bovu ni akili, wala sitaki uache hivyo. Ila niambie, siku ile Kitonga basi lilikuwa linakimbia? Basi lilikuwa limesimama, jamani. Limesimama kabisa, handibreki juu, abiria wengine wameshuka wananunua vitu. Sikuwa na la kusema.

Somo la mwili alinipa kwa kuchora kwenye karatasi, na kwangu peke yake lilitosha hela ya siku hiyo. Kwenye ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake ni kupiga kengele ya hatari, na inapiga kabla akili ya kufikiri haijamaliza kusoma hali. Ikishapiga, adrenalini, ile homoni ya kushtuka, inamwagwa, moyo unaongeza kasi kupeleka damu kwenye misuli, unatoka jasho, tumbo linavuruga, mwili umejiandaa kukimbia au kupigana wakati wewe umekaa siti ya dirishani na mfuko wa karanga. Unaanza kupumua haraka haraka, na ukipumua hivo bila kukimbia unatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoizalisha, hapo ndo vinapotoka vizunguzungu, ganzi ya vidole na midomo, kifua kubana. Wewe unatafsiri kifo, tafsiri hiyo inaongeza hofu, hofu inaongeza adrenalini, gurudumu linazunguka. Kilele kinafika ndani ya dakika chache, kama kumi hivi, afu kinashuka chenyewe hata usipofanya chochote. Hiyo ya mwisho sikuwahi kuambiwa na mtu. Kila mara nilikuwa nadhani nimepona kwa sababu ya maji ya konda, au khanga ya jirani, au kidonge.

Sasa tuje kwenye kiti, maana ndo kinalalamikiwa sana na najua kuna dada mmoja tulikutana pale kwenye ngazi anashuka kwa hasira anasema nimelipa hela zangu nizungushwe kama mtoto. Ni kweli unazungushwa. Vikao vya pili na kuendelea huyu mama hakutulizi, anakuletea dalili makusudi. Anakukalisha kwenye kile kiti cha ofisi cha kuzunguka, anakizungusha dakika moja mpaka dunia inainama. Anakupa mrija mwembamba wa soda, unaziba pua unapumulia mrija tu. Anakwambia kimbia hapo hapo ulipo, ngazi za ghorofa upande na kushuka mpaka moyo ulie. Halafu anakuuliza, haya, dalili ngapi zinafanana na za kwenye basi? Karibu zote! Na umekufa? Hujafa, una aibu tu kwa sababu binti wa mapokezi kasikia unavyohema. Unarudia na kurudia mpaka moyo kwenda mbio unakuwa ni moyo kwenda mbio tu, sio barua ya msiba. (Anakuuliza kwanza magonjwa yako, mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au mjamzito haya mazoezi hafanyishwi hivi hivi, na kama hujapimwa hospitali anakurudisha ukapimwe kwanza, pamoja na tezi ya shingoni, maana tezi ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio na kutetemeka vile vile.)

Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda kuambiwa pole, apakwe mafuta ya maneno mazuri arudi nyumbani, ofisi hii itamuudhi. Unacholipia ni kufundishwa kuiita hofu ije ukiwa umekaa na mtu anayejua itaondokaje. Mi naona ndo sababu inafanya kazi, na ndo sababu hiyo hiyo wengine wanaishia kikao cha pili.

Alinipa na hadithi ya kunishawishi, mwaka 1924 huko Marekani mwanasaikolojia mmoja mwanamke, Mary Cover Jones, alimtibu mtoto aliyeogopa sungura kwa kumsogezea sungura taratibu siku kwa siku huku mtoto anakula kitu anachokipenda, mpaka mwisho mtoto akamshika. Nikamwambia mama sisi kwetu sungura ni mboga, akasema haya basi wewe sungura wako ana magurudumu sita na honi, tumsogeze.

Tukapanga orodha ya hatua kama ngazi, kila hatua naipa alama ya hofu sifuri mpaka 100 mimi mwenyewe, tunaanza za chini. Kuangalia klipu ya basi linashuka Kitonga kwenye simu. Kwenda stendi ya Nane Nane nikaingia kwenye basi la Dar lililosimama, nikakaa siti ya nyuma ya dirisha, sio ya mlangoni, nikabaki mpaka alama zishuke nusu ndo nishuke, na hapo konda ananiangalia hivi mama huyu anasafiri au anakagua viti. Daladala ya Mwanjelwa kwenda Uyole saa ya kubanana jioni. Kosta ya Tukuyu. Gari ya kwenda Chunya kule juu ambako ukiangalia pembeni roho inaomba radhi. Mteremko wa Iwambi kwenda Mbalizi na kurudi, na kurudi tena, siku hiyo hiyo. Kitonga mwisho kabisa.

Na sheria ngumu kuliko zote haikuwa magari, ilikuwa kuacha vile vikinga vyangu. Nilikuwa na chupa ya maji lazima, mfuko wa plastiki lazima, simu ina chaji lazima, siti ya nyuma ya dereva lazima, na kidonge kimoja cha diazepamu kwenye pochi ambacho hata sikimezi, kipo tu. Anasema hivyo vyote vinaiambia akili kwamba tumepona kwa sababu ya chupa, kwa hiyo safari ijayo bila chupa tutakufa. Tukawa tunaviondoa kimoja kimoja. Kidonge ndo kilitutoa jasho, kuliko Chunya.

Kuhusu dawa niseme nilichoelewa maana hapa upotoshaji ni mwingi. Hakatai dawa. Kuna dawa za hospitali kama setralini na fluoksetini, hizi daktari anaandika, zinatumika kwenye paniki na wasiwasi na woga wa watu, zinachukua wiki kadhaa mpaka uone kazi yake, mwanzoni zinaweza hata kukusumbua kidogo, na huachi ghafla kwa kujiamulia. Anayezihitaji anamwelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili, pale hospitali ya Rufaa wapo, sio lazima mtu aanze kutishwa na habari za Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, kama tunavyotaniana mtaani, mtu wa paniki anatibiwa anarudi kwake anapika. Diazepamu ni habari nyingine, inatuliza haraka kweli, lakini mwili unaizoea, unataka zaidi, kuiacha inakuwa vita, na ukiimeza kabla ya zoezi akili haijifunzi kitu maana haikuwepo. Wanaoitumia kila siku kwa muda mrefu wasiiache ghafla bila daktari, ni hatari. Kahawa pia aliniuliza. Mi shemeji yangu analima Mbozi, kahawa kwetu haikauki, kumbe nilikuwa napanda basi la alfajiri na vikombe viwili vikali tumboni, moyo ushaanza mbio kabla hatujatoka stendi. Nimepunguza, sijaacha, tusidanganyane.

Maombi hakuniambia niache. Alisema omba, ila ombea nguvu ya kubaki kwenye basi, usiombe basi lisimame ushuke.

Sasa mdogo wangu. Huyu nilimpeleka baadae kwa shida tofauti kabisa na nataka wenye shida kama yake wasome hapa. Yeye akiona damu au sindano anaanguka, chini, puu, wahudumu wa maabara wanamjua. Nikajua atafundishwa kupumua taratibu na kulegeza mwili kama wengine. Kumbe yake ni kinyume. Sisi wa paniki presha inapanda, ndo maana pamoja na kujisikia tunazimia huwa ni nadra sana kuzimia kweli. Mwenye fobia ya damu na sindano moyo unapanda kidogo mwanzoni afu presha inaporomoka, damu inapungua kichwani, anadondoka, na kujilegeza kunamdondosha haraka zaidi. Kwa hiyo alifundishwa kukaza: ngumi, mikono, mapaja, tumbo, anakaza sekunde kumi mpaka kumi na tano hadi usoni asikie joto, anaachia kama nusu dakika bila kulegea kabisa, anarudia mara tano. Hii njia wataalamu wa Sweden ndo waliiendeleza miaka ya 80, Lars-Göran Öst na wenzake. Akafanya zoezi akiangalia picha, akafanya akiangalia sindano mezani, afu akaenda kutolewa damu mkono mmoja umekunja ngumi, ule wa kutolea kaulegeza. Amekaa. Katoka anatembea na pamba mkononi anajionyesha kama katoka jeshini. Fobia za hivi za kitu kimoja anasema zinaweza kwenda haraka sana, kuna namna ya kuzifanya kwa kikao kimoja kirefu cha masaa kama matatu, na kwa mdogo wangu haikuchukua muda. Yangu ilichukua vikao kadhaa na bado narudi mara moja moja. Kwa kawaida anasema ukadirie kama kumi, wengine pungufu, wengine zaidi.

Bei: siku ya kwanza elfu arobaini kwa sababu ni ndefu, vikao vingine elfu thelathini, lisaa limoja. Bima hapokei. Najua kuna watakaosema hela hiyo ni gunia la mahindi linaanza kuonekana, ni kweli, sio hela ndogo, na kwa mtu anayelipwa kwa siku ni mzigo. Anachofanya ukimwambia hali yako anakutawanyia vikao, unaenda mara moja kwa wiki mbili na mazoezi unafanya mwenyewe katikati, na kusema ukweli mazoezi ya nyumbani ndo tiba yenyewe, asiyefanya anatupa hela. Ana kidaftari anakupa unajaza, tarehe, umepanda nini, hofu ilianza ngapi ikaishia ngapi. Usipojaza anakuuliza kama mwalimu wa hesabu, mi nilijaza vingine nikiwa kwenye ngazi napanda kwake na alijua.

Nyota niliyokata ni hivi. Jengo kuta zake ni mbao nyembamba, chumba cha pili kuna ofisi ya watu wengine, ukilia wanasikia, na wewe unasikia wanajadili mkopo. Kwa huduma ya siri kama hii haifai, nilimwambia, akasema anatafuta sehemu nyingine. Risiti mara ya kwanza niliandikiwa kwenye karatasi ya daftari, nikadai ya mashine, ikaja baada ya mzunguko. Meseji za kukumbushwa miadi zinakuja siku nyingine, siku nyingine haziji. Na ngazi za kupandia hazina mwanga jioni, mtu mwenye wasiwasi unampandisha ngazi za giza, hapana jamani, au ndo zoezi linaanzia hapo sijui. Binti wa mapokezi ni mzuri, ana heshima, mama yangu alipokuja kunisubiri alimsalimia kwa Kinyakyusa "ugonile" na magoti akapiga, akapewa kiti cha jua.

Kwenye ukuta wa kusubiria kuna bango la takwimu za WHO, Shirika la Afya Duniani, watu milioni 301 duniani walikuwa na matatizo ya wasiwasi mwaka 2019, ndo kundi kubwa kuliko magonjwa yote ya akili, wanawake wengi kuliko wanaume, na katika kila wanne wanaohitaji matibabu anayapata kama mmoja hivi. Siku niliposoma kulikuwa na dereva wa lori amekaa chini ya hilo bango, kofia ameivuta mpaka machoni, na mzee mmoja wa shule, tai imenyooka, wote tunaangalia sakafu. Nilijisikia nafuu kuliko nilivyotegemea.

Matokeo kwangu, maana mtauliza. Basi napanda. Kitonga nimeshuka na nimepanda, siti ya dirishani, chupa ya maji nanunua nikiwa na kiu. Hofu bado inakuja, hasa foleni ikisimama, inapanda, naiacha ipande, naangalia saa, inashuka. Kuna siku inashuka haraka kuna siku inanitesa mpaka Ilula. Kanisani nimehamia viti vya katikati ila ibada za mkesha bado nakaa pembeni, tunaendelea nazo. Asije mtu akaambiwa utafutiwa hofu ukabaki mweupe, huyu mama mwenyewe hasemi hivyo, na anayesema hivyo kwa kikao kimoja na mafuta ya kupaka mkimbieni.

Nani asiende pale moja kwa moja: mwenye maumivu ya kifua ambayo hajawahi kupimwa, aende hospitali kwanza. Mwenye mawazo ya kujidhuru, asisubiri miadi ya wiki ijayo, apelekwe hospitali leo hii na mtu wa kumsindikiza. Na mwenye ndugu anayemlazimisha, yani mume kamleta mke kwa nguvu, hao nimeona wanarudishwa, anasema zoezi la hofu halifanywi kwa mtu aliyeburutwa.

Miadi unapiga simu au unapita, Jumamosi anafanya kazi mpaka saa saba mchana, Jumapili hakuna. Vaa viatu vya chini kwa ajili ya zile ngazi na kukimbia papo hapo, na usile ukashiba sana siku ya kiti.